Kamera Haioni Puani

Korosho zikishapita mnadani na fedha zikaingia mifukoni, pikipiki mpya huonekana kila njia kuanzia Tandahimba hadi Nanyumbu. Haupiti muda, sisi wa chumba cha upasuaji tunaanza kupokea mataya yaliyovunjika. Ndivyo daftari letu linavyosomeka kila mwaka Oktoba ikishapita. Wengi ni vijana, na kofia ngumu mara nyingi ilikuwa imening'inizwa kwenye usukani. Anayeletwa ana taya la chini lililokatika sehemu mbili, meno hayakutani, mate yenye damu yanamtoka, na hawezi kusema vizuri jina lake. Mimi ni muuguzi wa usingizi katika hospitali moja ya mkoa wa Mtwara. Kazi yangu ni kumlaza mgonjwa huyo na kuhakikisha anapata hewa mpaka daktari wa kinywa na meno amalize kazi yake. Kwa mgonjwa wa namna hii, mpira wa kupumulia hupita puani.

Ndugu wa wagonjwa wakilisikia hilo huingiwa na hofu, wakaniuliza kwa nini nisipite mdomoni ambako kuna nafasi. Jibu liko kwenye meno. Daktari anayerudisha taya lililovunjika hana kipimo kizuri kuliko meno ya mgonjwa mwenyewe. Ya juu na ya chini yakikutana kama yalivyokuwa yakikutana kabla ya ajali, mfupa umekaa mahali pake, naye huyafunga pamoja kwa nyaya. Mpira ukipita katikati ya meno hayo, hayafungi. Ni hivyo hivyo kwa uvimbe wa taya uitwao ameloblastoma, ambao hukua taratibu, mara nyingi bila maumivu makubwa, kiasi kwamba mtu anaweza kukaa nao miaka kabla hajafika kwetu. Daktari anauhitaji mdomo wote. Njia nyingine ni kutoboa koo kwa mbele, nayo ina wakati wake.

Ufundi huu wa puani ulikuzwa na majeraha ya uso. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, katika hospitali ya Queen's huko Sidcup, Uingereza, Harold Gillies alikuwa akitengeneza upya nyuso za askari, na watoa usingizi wake, Ivan Magill na Stanley Rowbotham, walilazimika kumpisha daktari nafasi usoni. Magill alijifunza kupitisha mpira puani bila kuona chochote, akifuata sauti ya pumzi ya mgonjwa kwa sikio. Koleo lililopinda lenye jina lake, la mwaka 1920, liko kwenye sinia langu mpaka leo. Mtoa usingizi mwingine, Robert Macintosh, naye alileta mwaka 1943 ulimi wa chuma uliojipinda wa laringoskopu, kifaa cha kuchungulia koo, na huo ndio niliofundishiwa: unanyanyua ulimi wa mgonjwa, unachungulia kooni kwa jicho lako mwenyewe, mwanga mdogo, shingo yako imekakamaa, na anayekusaidia hajui unachokiona.

Halafu ikaja kamera. Mwaka 2001 daktari mpasuaji wa Canada, John Pacey, alileta kifaa kilichoitwa GlideScope, chenye kamera karibu na ncha ya ulimi wa chuma na picha inayotokea kwenye skrini. Leo kuna aina nyingi, kubwa za mezani na ndogo za kushika mkononi. Kwetu kusini zilichelewa, lakini zilifika, na siku tuliyofungua boksi la ya kwetu furaha ilikuwa kubwa. Nasi tulikuwa na haki ya kufurahi. Mapitio ya mwaka 2022 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikusanya tafiti 222 zenye washiriki zaidi ya 26,000, na yakaonyesha kwamba kwa watu wazima vifaa vya video hupunguza majaribio yanayoshindikana ukilinganisha na kuchungulia kwa jicho. Mgonjwa wa ajali ambaye shingo yake haijathibitishwa kuwa salama, ambaye hatupaswi kumkunja wala kumwinua kichwa, ndiye ananufaika zaidi machoni pangu, kwa sababu kamera inaona kona ambayo jicho langu lisingeifikia bila kumsogeza.

Lakini safari ya mpira wa puani ina vipande viwili. Cha kwanza huanzia tunduni mpaka nyuma ya kaakaa. Cha pili hutoka hapo, kinapita kooni, katikati ya nyuzi za sauti, mpaka kwenye bomba la hewa. Kamera inakaa mdomoni. Inaona kipande cha pili tu. Kile cha kwanza, ambako damu hutoka, bado ni cha mkono, kama ilivyokuwa enzi za Magill. Jambo hili nalisema kila ninapopata mtu wa kumwambia, maana nimeona jinsi skrini inavyovuta macho ya watu wote chumbani, mtu akasahau kwamba kazi imeshaanza kuharibika sentimita chache nyuma ya ncha ya pua.

Damu ndiyo adui. Kutokwa damu puani ndilo tatizo linalotokea mara nyingi kuliko yote katika kazi hii, na ukiwa na kamera linakugharimu maradufu: mgonjwa anatokwa damu kuelekea kooni, na tone likifika kwenye lenzi skrini nzima inageuka nyekundu. Kifaa cha mamilioni ya shilingi kinakuwa hakina kazi kwa sababu ya mshipa mdogo uliochubuliwa na mpira mgumu. Ndiyo maana sasa muda wangu mwingi unaishia puani kabla sijaigusa laringoskopu.

Naanza mgonjwa akiwa macho, wodini au nje ya mlango wa thieta. "Kaka, ziba tundu hili kwa kidole, vuta hewa. Sasa lile jingine. Lipi jepesi?" Wengine taya linawauma mno, hujibu kwa kuinua mkono wa upande husika. Namuuliza kama hutokwa damu puani, kama aliwahi kupigwa au kufanyiwa upasuaji wa pua, kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Kisha namtazama usoni kwa utulivu, nimevaa glovu. Je, kuna majimaji maangavu kama maji au damu nyepesi inayotoka puani au masikioni tangu ajali? Kuna weusi unaozunguka macho yote mawili? Sehemu ya kati ya uso, kuanzia mashavu hadi kwenye shina la pua, inacheza ukiishika? Nikiona dalili hizo, simpitishii mtu kitu chochote puani mpaka daktari aondoe hofu ya kuvunjika kwa sakafu ya fuvu. Mpira unaweza kwenda kusikotakiwa, na hakuna skrini itakayonionyesha unakoelekea.

Pua ikiwa salama, naidondoshea matone ya xylometazoline, yale yale watu wanayoyanunua duka la dawa wakiwa na mafua mazito. Yanabana mishipa ya damu na kupanua njia. Nayaweka matundu yote mawili, hata kama nimeshachagua moja, kwa sababu lile nililolichagua linaweza kunikataa. Baada ya hapo nasubiri. Hii ndiyo sehemu inayowashinda wengi. Daktari ameshanawa mikono, orodha ya siku ni ndefu, mtu anauliza tunangoja nini. Tunangoja dawa ifanye kazi, nami nimezoea kulijibu hilo kwa sauti ya kawaida bila kuona haya. Matone yanayowekwa na mpira ukaingizwa papo hapo ni sawa na hayakuwekwa.

Wakati huo mpira wenyewe umelala kwenye maji ya chumvi ya dripu yaliyopashwa moto kiasi, safi, ndani ya bakuli lililochemshwa. Plastiki yake ikipata joto inalegea na kufuata njia. Saizi nachagua ndogo kuliko ninayotumia mdomoni: 6.0 au 6.5 kwa mwanamke, 6.5 au 7.0 kwa mwanamume, na nyingine ndogo zaidi iko wazi mezani. Napaka jeli ya ganzi ya lidokeni kwenye mpira na kwenye tundu.

Kisha mwelekeo. Mwanafunzi akipewa mpira kwa mara ya kwanza huuelekeza juu, kwa sababu pua kwa nje inaonekana inapanda kuelekea machoni. Njia ya hewa haipandi. Inakwenda moja kwa moja nyuma, juu ya sakafu ya pua, sambamba na kaakaa. Mgonjwa akiwa amelala chali, mpira unashuka wima kuelekea kitandani. Kwenye ukuta wa pembeni wa kila tundu kuna vinyama vyenye mifupa myembamba ndani yake, vimejikunja kama makuti makavu. Mpira ukipita chini kabisa, unapita salama. Ukipanda kati ya kinyama cha chini na cha kati, unaweza kukichubua hicho cha kati au hata kukinyofoa, na hapo damu hutoka kwelikweli.

Mahali pa pili pa hatari ni kwenye kona, pale pua inapoishia na koo linapoanzia. Ncha hugota kwenye ukuta wa nyuma. Mkono unahisi kizuizi, na ukilazimisha, ncha inaweza kupenya chini ya ngozi laini ya ukuta huo na kujichimbia njia ya uongo. Hapa nguvu haina kazi. Narudisha nyuma kidogo, nauzungusha mpira robo, kama shingo inaruhusu nainua kidevu kidogo, najaribu tena kwa vidole viwili tu. Ukikataa, naenda saizi ndogo au tundu la pili. Njia nyingine niliyofundishwa na dada mmoja aliyenitangulia kazini, na ambayo naipenda, ni kupitisha kwanza mpira mwembamba laini wa kufyonzea, ukatangulia kwenye kona na kuuongoza mpira wa kupumulia nyuma yake bila ncha kukwaruza. Gharama yake ni ndogo mno, na hospitali yoyote ina mipira hiyo.

Sasa ndipo kamera inapopata zamu yake.

Kabla ya kuingiza laringoskopu natanguliza ncha ya kufyonzea nikakausha koo, kwa sababu mate na damu ya ajali vinakaa pale vikisubiri lenzi. Huku kwetu pwani, kifaa kikitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi kikaingia kwenye mdomo wenye joto, lenzi inapata ukungu. Aina nyingi hujipasha zenyewe zikiwashwa dakika moja au mbili kabla, hivyo naiwasha mapema. Oksijeni mgonjwa ameshavuta dakika tatu au zaidi kwa barakoa iliyobana, na wakati wa kupitisha mpira tundu lililobaki wazi lina bomba dogo la oksijeni linaloendelea kutiririsha. Kwa bibi wa Kimakonde aliyevaa ujanani ndonya, kipambo kinachotobolewa mdomo wa juu, mdomo huo huacha upenyo na barakoa inavuja. Gozi yenye unyevu ikiwekwa pale inaziba, na ni heshima kumweleza kabla hajalala kwamba utamgusa hapo na kwa nini.

Ulimi wa laringoskopu ukiingia, jicho langu liko mdomoni, siyo kwenye skrini. Chuma kinaweza kuumiza kaakaa au meno yaliyolegea wakati wote mnatazama picha. Kikishavuka ulimi wa mgonjwa, ndipo natazama skrini: kidakatonge, kile kifuniko cha mlango wa hewa, chini yake nyuzi mbili nyeupe za sauti, katikati giza la bomba la hewa. Picha inapendeza. Mtu anataka kuiboresha zaidi, anyanyue mpaka nyuzi zijaze skrini.

Hapo nilijifunza jambo ambalo vitabu vinalitaja kwa mstari mmoja nami naona linastahili ukurasa. Ukinyanyua sana, hasa kwa ulimi ule uliopinda mno, mlango wa hewa unapanda juu na mbele, wakati mpira wa puani unateremka ukilalia ukuta wa nyuma wa koo. Unaona kila kitu, na mpira unapita chini ya kila kitu, ukielekea kwenye umio, njia ya chakula. Unausukuma tena, unapita pale pale. Dawa yake ni kulegeza mkono wa kushoto, kurudisha laringoskopu nyuma kidogo mpaka nusu ya mlango ipotee kwenye picha. Mlango unashuka, unakutana na mpira. Picha mbaya kidogo, njia nzuri zaidi. Kwa mwanafunzi ni vigumu kuamini mpaka aone kwa macho yake.

Ncha ikiendelea kukaa nyuma, kuna kiputo. Kile kiputo cha kuzibia pembeni ya mpira nakijaza hewa ya bomba la sindano, mililita 10 mpaka 15, ncha ikiwa bado kooni. Kikivimba kinainua ncha kutoka kwenye ukuta wa nyuma na kuilenga katikati ya nyuzi. Ncha ikishagusa mlango, msaidizi anafyonza hewa yote na mimi nauteremsha mpira. Kwa mgonjwa wa ajali ambaye shingo yake inashikiliwa isisogee, njia hii imenisaidia kuliko nyingine yoyote, na haihitaji kuingiza chuma kingine mdomoni. Koleo la Magill bado nalitumia, lakini nashika mpira juu au chini ya kiputo, kamwe si kiputo chenyewe, maana meno yake hukichana; na hewa ikivuja katikati ya upasuaji wa taya, unabadilisha mpira kwenye koo lenye damu.

Wakati mwingine mpira unaingia mlangoni kisha unagota kwa mbele, kwenye ukuta wa bomba la hewa, kwa sababu ya mkunjo wake wa asili. Kwenye skrini unaona ncha imeshazama, lakini haishuki. Kama shingo haina wasiwasi, msaidizi anakunja kichwa kidogo kuelekea kifuani na mpira unateleza. Kama shingo haiguswi, nauzungusha.

Na sasa niseme kile ninachokipenda zaidi kwenye kamera. Zamani nilikuwa peke yangu na koo la mgonjwa. Nikisema "bonyeza koo, kidogo kulia", msaidizi alibonyeza kwa kubahatisha, na mwanafunzi alisimama nyuma yangu akitazama kisogo changu. Siku hizi muuguzi anayebonyeza koo anaona kwenye skrini matokeo ya kidole chake, anajisahihisha mwenyewe kabla sijafungua mdomo. Daktari wa kinywa anaona damu inatoka upande gani. Mwanafunzi ndiye anashika mpira, mimi nashika laringoskopu, tunazungumza:

"Unaona wapi ncha?"

"Chini, Sista. Nyuma ya mlango."

"Tufanye nini?"

"Tupunguze kunyanyua. Au tujaze kiputo."

"Anza na lipi?"

Anayeweza kujibu hilo huku oksijeni ya mgonjwa iko vizuri, kesho atalifanya Newala au Masasi nikiwa sipo. Kama kuna sababu moja ya kuomba vifaa hivi vifike hospitali za wilaya, kwangu ni hiyo, zaidi hata ya urahisi wa kupitisha mpira. Nasikitika nikiona kifaa kinafungiwa kabatini kisije kikaharibika, kinatolewa siku ya wageni au kambi ya madaktari bingwa. Betri inakufa kwa kukaa, na mikono inasahau. Kitumike kwenye kesi nyepesi, ambazo laringoskopu ya kawaida ingetosha, ili siku ya kesi nzito mkono uwe umekizoea. Kisha kioshwe na kutakaswa kwa dawa iliyoelekezwa na mtengenezaji, na kirudi kwenye chaji, kwa sababu umeme wetu tunaujua.

Nimesema kutoboa koo kuna wakati wake. Mei 2024, mvua zilizokuja na kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya kwenda Dar es Salaam maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa. Katika siku hizo tulikuwa na mama mmoja kijana aliyekuwa na jino bovu la chini, ambalo lilianza kama maumivu ya kawaida, akanywa dawa za kutuliza, mpaka usaha ukashuka chini ya taya pande zote mbili. Shingo ilikuwa imevimba na kuwa ngumu, ulimi umeinuliwa juu, sauti imebadilika, anakaa ameinama mbele kwa sababu akilala hapati hewa. Mdomo ulifunguka upana wa kidole kimoja kwa shida. Mgonjwa kama huyu ni wa kupelekwa Muhimbili kunakopatikana kamera nyembamba inayopinda, ile inayopita puani yenyewe na kuongoza mpira mgonjwa akiwa macho. Barabara ya kumpeleka haikuwepo.

Mwanafunzi aliniletea laringoskopu ya video, tayari imewashwa. Alifikiri vizuri, maana ndicho kifaa chetu bora. Nilimwonyesha vidole vyangu viwili na mdomo wa yule mama. Ulimi wa chuma unahitaji mlango wa kuingilia, na mlango haukuwepo. Dawa ya usingizi nayo isingeufungua, kwa sababu uvimbe na usaha ndivyo vilivyoubana, tofauti na yule wa ajali ambaye mara nyingi huzuiwa na maumivu na hufunguka akishalala. Tena angelala, misuli ya koo ingelegea na njia aliyokuwa akiipigania ingefunga kabisa. Kupitisha mpira puani bila kuona, kwenye koo lililovimba vile, damu kidogo tu ingemmaliza.

Tulizungumza na daktari wa upasuaji, tukakubaliana. Mama yule alibaki amekaa nusu wima, macho wazi, oksijeni usoni. Nilikaa karibu na kichwa chake nikamshika mkono. Nilimwambia, "Mama, hatukulazi. Daktari atakuchoma sindano ya ganzi shingoni, atakufungulia njia ya kupumulia hapa mbele. Utasikia anakusukuma, maumivu hayatakuwepo. Ukipata shida nibane mkono." Mama yake mzazi alikuwa mlangoni, naye tulimweleza hivyo hivyo, pamoja na kwamba binti yake hatatoa sauti kwa siku kadhaa na kwamba sauti itarudi. Daktari alitoboa koo, mpira ukaingia, yule mama akavuta pumzi ndefu ambayo hakuwa ameipata tangu jana yake. Hapo ndipo tulipompa dawa ya usingizi, usaha ukatolewa na jino likang'olewa. Kamera ilibaki mezani imewaka mpaka mwisho. Alirudi nyumbani akiwa anazungumza.

Kwa yule aliyepitishiwa mpira puani salama, kuna kazi inayobaki kamera ikishazimwa. Nasikiliza mapafu pande zote mbili, natazama kwenye mashine mawimbi ya hewa chafu anayoitoa mgonjwa, kwa sababu hayo ndiyo yanayothibitisha kwamba mpira uko mahali pake. Mtu mzima, alama ya mpira kwenye tundu la pua huwa karibu na sentimita 26 kwa mwanamke na 28 kwa mwanamume. Naufunga usivute ukingo wa pua kwenda juu. Saa nyingi za mvuto huo zinaua ngozi, na kijana anaweza kupona taya akabaki na kovu puani. Gozi ikiwekwa kooni kuzuia damu, inaandikwa ubaoni kwa herufi kubwa, na hakuna anayefunga meno kwa nyaya kabla haijatoka na kuhesabiwa. Simtoi mpira mpaka awe macho, anafuata ninachomwambia, kwa sababu akishafungwa meno siwezi tena kumwingia mdomoni.

Ndiyo maana mgonjwa anatoka thieta na koleo la kukatia nyaya limebandikwa kwa plasta ukutani, juu ya kitanda chake, palipo wazi. Dawa ya kuzuia kutapika ameshapewa, lakini dawa hushindwa. Muuguzi wa zamu anaonyeshwa nyaya zipi zinashika taya la juu na la chini, za kukatwa kwanza, na anazigusa kwa kidole mbele yangu. Mama wa kijana mmoja wa Tandahimba alikuwa akitufuatilia kwa makini.

"Mwanangu, hilo koleo la nini?"

"Mama, akitapika na meno yamefungwa, matapishi yanaweza kumziba. Muuguzi atakata nyaya hizi hapa, mdomo ufunguke."

"Na muuguzi akiwa kule mwisho wa wodi usiku?"

Wodi ile usiku ina muuguzi mmoja. Nikamwita yule mama karibu, nikampa koleo mkononi, nikamwonyesha waya mmoja baada ya mwingine, namna ya kumgeuza kwanza ubavuni, kisha kukata katikati na siyo karibu na ufizi. Akarudia kwa kunionyesha mwenyewe. Tangu hapo ndugu anayemuuguza mgonjwa wetu wa taya naye hufundishwa, na jina lake linaandikwa kwenye faili chini ya la muuguzi.